Kizibo kikae, chupa isipasuke: maswali yenu ya kufunga bia ya nyumbani

Toleo lililopita tuliongelea kuchachusha bia nyumbani, na meseji zilizorudi karibia zote zinauliza kitu kimoja tu, kufunga. Nimechagua nne. Mimi bia yangu naifungia hapahapa Moshi, Soweto, na hili jambo la vizibo nalipenda na naliogopa kwa pamoja, mtaona kwanini.

SWALI: Dada habari, niko Sakina Arusha, nimepika bia yangu ya kwanza lita 20, bado iko kwenye ndoo inachacha. Nimeona kwenye simu mashine za vizibo aina tatu, kuna kale kadogo ka kugonga na nyundo, kuna ya mikono miwili, alafu kuna ile kubwa ya kusimama mezani. Bei zimepishana sana na lazima niagize, sitaki kuagiza mara mbili. Nichukue ipi? Chupa nimekusanya kwa majirani, za kila aina.

JIBU: Kaka wa Sakina, umeniambia habari ya mashine kwanza na chupa mwishoni, mimi nageuza. Chukua chupa zako zote uzipange sakafuni uziangalie shingo, maana mashine inafuata shingo ya chupa.

Zile chupa za kahawia za nusu lita za bia za hapa kwetu, zinazorudi kiwandani kwenye kreti, ndio bora kuliko zote. Kioo chake ni kinene kwasababu imetengenezwa iende baa na kurudi mara nyingi, rangi ya kahawia inaikinga bia na mwanga, na chini ya mdomo kuna ile pete nene ya kioo. Hiyo pete ndio inashikwa na mashine ya mikono miwili. Yaani ina vyuma viwili vinavyobana chini ya pete, ukishusha mikono vyuma vinavuta shingo juu na kikombe, yaani kile cha chuma kinachokunja kizibo, kinashuka juu ya kizibo kukunja meno. Sasa kama chupa pete yake ni nyembamba au haipo, au shingo ni fupi nene, vyuma havina pa kushika, vinateleza, na hapo ndio shingo zinakatika. Ile ya mezani haishiki shingo kabisa, chupa inakaa kwenye kitako na mkono unashusha kikombe moja kwa moja kutoka juu, kwaiyo chupa yoyote yenye mdomo wa kizibo cha kawaida inaingia, kazi yako ni kurekebisha kimo tu.

Kwaiyo jibu langu: kama unaweza kuzitoa zile chupa mchanganyiko ukabaki na za kahawia za nusu lita tupu, nunua ya mikono miwili. Ni ya bei nafuu, ni nyepesi kuagiza, na lita 20 zinakupa chupa kama 38 hivi ukiacha mashapo chini, hiyo ni kazi ya nusu saa. Kama unajijua utaendelea kuokota chupa za kila namna, au mgongo na viganja vinakusumbua, jikaze ununue ya mezani, na siku ya kufunga zipange chupa kwa urefu, fupi zote kwanza alafu ndefu, la sivyo utashinda unapandisha na kushusha kile kikombe mpaka bia ichoke. Ya nyundo usinunue. Mkono ukipinda kidogo tu kizibo kinakaa upande, ukizidisha nguvu unapiga kioo chenye bia ndani, mimi sioni sababu ya mtu kuokoa hela kwa kuhatarisha vidole.

Mashine ikifika usianzie kwenye bia. Jaza maji chupa tano, zifunge, zilaze kichwa chini juu ya gazeti usiku mzima. Gazeti likiwa kavu asubuhi mkono wako umeshaiva. Kwenye ya mikono miwili siri ni kushusha mikono yote kwa pamoja, taratibu, chupa ikiwa kwenye meza imara inayofika kiunoni, wa kulia ukitangulia wa kushoto kizibo kinainama. Ukisikia imefika mwisho acha, usiendelee kukandamiza. Kizibo kikibaki na kabonyeo kadogo katikati usishtuke, mashine nyingi zinaacha alama hiyo.

SWALI: Mimi ni wa Pasua Moshi, mashine ninayo ya mikono miwili, mwezi wa pili sasa. Chupa nyingine zinatoka safi zina gesi, nyingine bia imekufa kabisa kama maji ya kunawa, na mbili zimekatika mdomo nikifunga. Aliyeniuzia anasema mashine nzima. Tatizo nini?

JIBU: Kaka, ingekuwa mashine mbovu zingekufa zote. Zikifa baadhi, mara nyingi ni chupa au vizibo. Angalia hizo zilizokufa mdomo wake una nyuzi kama za parafujo? Zile ambazo kizibo chake kinazungushwa kwa mkono. Hizo kwa kazi yetu hazifai, kizibo cha kukunja hakikai vizuri juu ya nyuzi, gesi inatoka kidogokidogo na wewe hujui, na mdomo wake mwingi ni mwembamba ndio maana unakatika. Zitoe zote.

Alafu pitisha kidole taratibu kwenye midomo ya zilizobaki. Watu wanafungua bia kwa meno ya kreti, kwa kiberiti, kwa kisu, kwa chupa nyingine, na kioo kinamegeka kipande kidogo kama chembe ya mchele. Hapo hapafungi tena hata uwe na mashine ya kiwandani. Na kama kuna chupa za shampeni umepewa na mtu wa hotelini, nyingi za Ulaya zinachukua kizibo cha milimita 29 wakati chetu cha kawaida ni 26, hapo utakandamiza mpaka jasho likutoke na hakikai.

Kama umeshatoa hizo zote na bado, sasa nitaanza kuishuku mashine. Kizibo kilichokaa, meno yake yote yameshuka sawasawa yameikumbatia shingo, ukijaribu kukizungusha kwa vidole hakizunguki kirahisi. Ukiwa na ile rula ya fundi ya kupima kipenyo, upana wa kizibo kilichofungwa vizuri unakuwa karibu milimita 28.6 mpaka 28.8. Kikizidi sana hapo kimefungwa nusu, kikombe kimechakaa au hushushi mikono mpaka mwisho.

Na hayo meno yana historia yake naipenda sana. Kizibo hiki alikibuni William Painter wa Baltimore, Marekani, hati yake ilitoka 1892, na mwanzoni kilikuwa na meno 24. Cha leo kina 21. Sisi tuliokua tunacheza drafti kwa vizibo vya soda tumevishika maelfu na hatukuwahi kuyahesabu, kahesabu leo.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama wa Kibosho. Kijana wangu yuko Dar na Krismasi hii hapati likizo kuja nyumbani. Anaililia mbege. Jirani yangu ana hiyo mashine ya vizibo amesema atanifungia chupa 20 za mbege niziweke kwenye basi. Itafika salama?

JIBU: Mama shikamoo. Haitafika salama na nakuomba sana usifanye, tena mwonyeshe jirani haya maandishi.

Mama mbege unaijua kuliko mimi, ndizi zilizopikwa zikalala, kimea cha ulezi, gome la msesewe la kuitia uchungu. Tunainywa ikiwa bado inachacha, na utamu wake ndio huo. Sasa ukifunga kizibo cha chuma juu ya kitu kinachochacha, gesi inayotoka haina mlango. Kwenye bia tunasubiri kwanza imalize, tunapima kwa haidromita, kile kipimo cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyobaki, siku tatu mfululizo mpaka namba isimame palepale, ndio tunaongeza sukari kidogo ya kupima, mimi naweka gramu 6 kwa lita, gramu 120 kwa lita 20, naichemsha kwenye kikombe cha maji naichanganya taratibu kwenye bia yote. Hiyo sukari kidogo ndio inatengeneza gesi ndani ya chupa na chupa inaimudu. Mbege ina sukari ya ndizi na ya ulezi ambayo hakuna aliyeipima, na unaishusha kutoka baridi ya Kibosho kwenda joto la Dar, ambapo inachacha kwa kasi zaidi na gesi inasukuma zaidi.

Mimi mwaka wa kwanza nilifunga bia ambayo haikumaliza, nilikuwa na haraka ya harusi ya mdogo wangu. Zilipasuka chupa tatu usiku stoo, moja ikafuatwa na nyingine, na asubuhi nikakuta vipande vya kioo vimechoma kwenye mbao ya mlango kimo cha uso wangu. Mwanangu alikuwa ananisaidia kuzipanga jioni ile ile. Tangu siku hiyo naweka chupa kwenye kreti iliyofunikwa na gunia zito, siku 14, na mtoto haingii. Fikiria chupa 20 za namna hiyo chini ya siti za watu.

Mpelekee kwenye dumu la plastiki, usijaze, acha robo tupu, kifuniko kiachwe kimelegea kidogo na dumu lisimame ndani ya ndoo ya kushika kitakachomwagika. Itoke imechujwa usiku, isafiri na basi la alfajiri na mtu unayemjua atakayekaa nayo, basi ambalo kondakta ameambiwa ni nini na amekubali, jioni kijana aipokee ainywe siku hiyohiyo na wenzake. Ukiona ni usumbufu, mtumie kimea na msesewe uliokauka, ndizi mbivu anapata huko, apike mwenyewe na wewe umwelekeze kwa simu. Nadhani atafurahi zaidi hivyo.

SWALI: Naweza kutumia tena vizibo vya bia nilivyofungua? Vingine havijapinda kabisa. Tengeru.

JIBU: Hapana. Hata kisipopinda, ule mpira mwembamba wa ndani umeshabanwa ukashika umbo la mdomo wa chupa nyingine, na meno yameshakunjwa mara moja. Nunua vipya, na usivichemshe kwa muda mrefu ukaharibu huo mpira, viloweke dakika chache kwenye dawa ya kuua vijidudu uliyotumia kwenye chupa, kama ni ya klorini visuuze kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Loweka vitano zaidi ya idadi ya chupa zako maana kuna vitakavyokudondoka sakafuni.

Na usijaze chupa mpaka mdomoni, acha vidole viwili.