Wazee hawakuuliza karatasi

Mmeuliza gazetini wiki hii: "Nchi ya milima iliyopita vitani, kama Burundi, inaunganishwa na nini: lugha, ngoma au mipaka?" Najua wengi watajibu ngoma. Ngoma za kifalme, kama zile za Gishora, zina jina, UNESCO wameziweka kwenye orodha yao ya urithi tangu 2014, na mgeni wa serikali akitua ndizo zinazompokea. Lakini mwaka 2017 likatoka agizo la rais kwamba mwanamke asizipige, na mwenye sherehe yake akitaka wapigaji akalipie kibali faranga 500,000. Kiunganishi cha taifa kinachodai kibali na risiti, mimi nakipita.

Lugha nayo? Kila Mrundi atakwambia sisi tuna bahati, Mhutu, Mtutsi na Mtwa wote Kirundi kimoja, mlima hadi mlima. Ni kweli kabisa. Ila katika mauaji ya mwaka 1972 muuaji na aliyeuawa walielewana kila neno, na Rais Ndadaye alipouawa Oktoba 1993 mambo yakawa yaleyale kwa miaka. Mtu akiniambia lugha moja ndiyo taifa moja, nanyamaza kwa heshima tu.

Swali ambalo mngeniuliza ni hili: nani mwenye mamlaka ya kukwambia kwamba wewe ni wa hapa? Maana Burundi huulizwi mtaa, unaulizwa mlima wenu, kwani kwetu mlima ndio kijiji.

Wazazi wangu walitoka milima ya juu ya Rumonge mwaka 1972, wakavuka ziwa hadi Kigoma, wakaishia makazi ya Ulyankulu, Tabora. Huko nikazaliwa, nikasoma, nikalima tumbaku. Tanzania ilipotutaka tuchague, kurudi au kuomba uraia, wengi waliomba uraia, kaka yangu akiwamo, na zaidi ya watu 160,000 wakaupata. Baba akasema yeye atazikwa kwao. Tukarudi 2009.

Kwao kulikuwa na watu. Michikichi imejipanga mpaka bondeni, nyumba ya bati, watoto wanacheza uani. Yule bwana hakuwa mwizi, nasema haki yake. Alipewa shamba lile baba akiwa Tabora, na karatasi anayo. Sisi hatukuwa na kitu, kwani 1972 nani alikimbia na karatasi? Ofisini tulipigwa danadana, njoo kesho, njoo Jumatatu, na Kirundi changu kikawa kichekesho cha pale mapokezi.

Mwishowe wazee wa mlima, bashingantahe, wakatuita sote shambani. Walikaa chini ya mwembe, makoti yamefungwa vifungo juani, fimbo mkononi. Karatasi ya yule bwana waliipokea kwa mikono miwili, wakaikunja, wakamrudishia. Kisha wakamgeukia baba. Baba yako alikuwa nani? Nani alikaa chini yenu? Ng'ombe walinywea wapi? Baba akataja kijito kwa jina ambalo vijana waliosimama pale hawakulijua, wakaanza kucheka, mzee mmoja akawatuliza kwa fimbo. Jina lile alilijua yeye pia.

Hapo mama mmoja mtu mzima, jembe begani, ambaye hakuwa ameitwa na mtu, akasema kwa mbali: "Mwulizeni mpaka wa juu." Baba akajibu ulikuwa uzio wa minyaa, unaishia kwenye mwamba wanawake walipokuwa wakianika muhogo. Tukapanda wote. Uzio haukuwapo. Mwamba ulikuwapo, na kando yake minyaa mitatu iliyoachwa ikawa miti kamili, imenyooka mstari mmoja. Mzee akaukwangua mmoja kwa panga, utomvu mweupe ukatoka, akasema, "Hii haikujiotea."

Uamuzi ulikuwa nusu kwa nusu. Sisi sehemu ya juu, yule bwana abaki na nyumba na michikichi ya chini, msimu wa kwanza wa chikichi tugawane. Kila upande ulete urwarwa, pombe ya ndizi. Hapo nikaogopa, maana anayekataa pombe ya upatanisho amekataa uamuzi, na baba alikuwa mlokole tangu Ulyankulu, hata harufu ya ndizi mbivu ilimkera. Mtungi ukawekwa katikati, mirija miwili. Baba akavuta, akameza, akafuta mdomo kwa mkono wa shati. "Bwana atanisamehe," akasema, "hii ndiyo karatasi yangu."

Sasa ninavyoandika naona jibu langu linanigeuka. Nilianza kwa kuidharau lugha, kumbe baba hakuwa na ushahidi mwingine. Kilichompa shamba ni jina la kijito, yaani Kirundi cha mtu aliyechota maji pale. Kwa hiyo andikeni kwamba nimejibu lugha, lakini si ile ya hotuba za sikukuu. Na msinielewe kwamba mila zilitenda haki kila mahali. Ziko tawala zilizoteua wazee wake zenyewe, siku hizi kuna mabaraza ya milima ya kuchaguliwa, na wapo waliorudi wakati mmoja na sisi ambao hawakupata hata mahali pa kujenga jiko. Tungekutana na mzee mwingine, pengine leo ningekuwa nawaandikia kutoka Tabora.

Dada yangu nimemsomea haya kwa simu. Kirundi chake ni kizuri kunipita, alikaa sana na bibi. Anasema niongeze kwamba baba alipofariki tuligawana shamba lile sisi wanaume, kwa kuwa Burundi haina sheria ya mirathi na mila huangalia wana wa kiume. Yeye nimempa kipande karibu na mwamba, alime, ila si chake. Anataka gazeti liulize wanawake swali hilohilo wiki ijayo, na atajibu mwenyewe.