Kwa Makocha Wapya wa Warushaji: Yaliyompata Steve Dalkowski

Kocha anayeanza kufundisha warushaji wa besiboli huvutiwa kwanza na kijana mwenye mkono wa kasi. Baada ya miaka kadhaa katika kazi hii, namshauri aisome historia ya Steve Dalkowski wa New Britain, Connecticut, kabla hajamwelekeza kijana huyo jambo lolote.

Dalkowski alisajiliwa na klabu ya Baltimore Orioles mwaka 1957 akiwa na miaka 18, na wengi waliomwona waliapa kwamba hawajapata kuona kasi kama yake, lakini hakucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Mwaka 1960, akiwa Stockton, California, aliwatoa wapigaji 262 kwa straiki (mirusho mizuri ambayo mpigaji huikosa au huiacha; zikifika tatu anatoka), na akawapa wengine 262 besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza cha kukimbilia, bure kwa kurusha mipira minne nje ya eneo la straiki. Hesabu hizo mbili zisomwe pamoja daima, kwa kuwa ya kwanza peke yake hudanganya.

Klabu ilijishughulisha zaidi na kasi. Mwaka 1958 alipelekwa katika kituo cha jeshi cha Aberdeen, Maryland, akapimwa kwa mitambo akiwa kwenye ardhi tambarare badala ya kichuguu anachorushia mrushaji, siku moja tu baada ya kucheza, ikapatikana takriban kilomita 150 kwa saa. Sijui walitarajia kipimo hicho kimsaidie nani.

Nafuu ilikuja mwaka 1962 huko Elmira, New York, chini ya kocha mkuu Earl Weaver. Makocha wa awali walikuwa wamemrundikia maelekezo. Weaver aliyapunguza, akamtaka atumie aina mbili tu za mirusho na kuiachia kasi yake yote pale mpigaji alipokwisha kufikisha straiki mbili. Katika ining (vipindi vya mchezo) 160 aliwatoa wapigaji 192 kwa straiki, na besi za bure zikashuka hadi 114. Kwa hiyo usimsahihishe kijana mguu, bega na mkono katika zoezi moja. Chagua jambo moja, mwache alirudie kwa wiki kadhaa, na uwazuie wazazi na wachezaji wakubwa wasimfundishe mengine pembeni, maana hao ndio niliowaona wakiharibu zaidi.

Machi 1963, nafasi katika kikosi cha Orioles ikiwa imekaribia kabisa, kiwiko chake kiliumia katika mechi ya maandalizi dhidi ya timu ya Yankees. Kasi ile haikurudi, na mwaka 1965 ulikuwa wa mwisho kwake uwanjani. Hesabu mirusho ya kijana wako, iandike, na umpumzishe hata akisisitiza kwamba hana maumivu.

Baadaye Dalkowski alifanya kazi za kibarua mashambani California, akisumbuliwa na ulevi uliokuwa umemwandama tangu siku zake za uchezaji. Hilo nalo kocha anaweza kuliona mapema, mradi aulize kijana analala wapi, jioni hukaa na nani, na fedha za usajili ameziweka wapi.