Wadogo zangu mnaoanza utumishi, kaeni kwanza

Shalom wapendwa. Ijumaa nilikuja kwenye mkesha wenu nikakaa viti vya nyuma kabisa, na nilifurahi jamani, vijana mnaomba mpaka alfajiri. Ila ilipofika kama saa tisa mmoja wenu akashika maiki akaanza "kuna mtu hapa Bwana ananionesha", akamsema mwenzake mbele za watu wote, na mimi kule nyuma machozi yakanitoka, maana hilo kosa nimelifanya kabla yenu. Basi naandika kama dada yenu, mnivumilie.

1. Someni Wakorintho wa kwanza yote kwa mkao mmoja, ni sura 16 tu. Sura ya 1 mstari wa 7 Paulo anawaambia hawakupungukiwa na karama yoyote, halafu sura ya 3 anawaita watoto wachanga, watu walewale! Wananena kwa lugha, wanatabiri, na huku wanashtakiana mahakamani, na kwenye meza ya Bwana mmoja ana njaa mwingine kalewa. Kwa hiyo ukiona watu wanaanguka ukiwaombea usijihesabu umekua.

2. Ukifungua mfungo anza na uji mwepesi, na kama una vidonda vya tumbo au unameza dawa muulize daktari kabla hujaanza kufunga.

3. Msiseme "Bwana ameniambia" kama hajasema. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka wa pili chuoni nilikuwa kiongozi wa maombi kwenye feloshipi yetu. Nguvu za Mungu nilikuwa nimeziona kweli na mpaka leo sizikani. Lakini kufika semesta ya pili maombi yangu yalikuwa yamebaki ya kwenye maiki tu, nikiwa peke yangu chumbani dakika tano nyingi, nasinzia. Nilishajua kinanda kishuke wapi, nipandishe sauti wapi, watu walie wapi. Mnamkumbuka Samsoni, Waamuzi 16:20, aliamka akidhani atajinyosha kama siku zote, hakujua kuwa Bwana amemwacha. Ndiyo nilivyokuwa.

Sasa kulikuwa na binti wa mwaka wa kwanza, mpole, anakaa pembeni siku zote. Rumeti wake alikuwa ameniambia jikoni, tukichambua mchele, kwamba yule binti ana mtoto kijijini kwa bibi yake na hataki watu wajue. Mkesha wa wiki ile ulikuwa mzito, watu wamepoa, na mimi nikaogopa kuonekana sina upako. Nikashika maiki nikasema kuna dada hapa amemficha mtoto, Bwana anasema atoke mbele. Watu wakapiga kelele Yesuuu! Akatoka, magoti yanamtetemeka, nikamwekea mikono, na asubuhi kila mtu ananiambia mtumishi, Mungu anakutumia.

Jumapili hakuja, na iliyofuata hakuja. Nikamfuata chumbani. Akaniambia, "Dada, huyo mtoto namwombea kila siku, na nilikuwa najipanga nije nikwambie wewe." Nikashindwa kuvumilia, nikamweleza ukweli kuwa niliambiwa na rumeti wake. Akanyamaza muda mrefu kisha akauliza, "Kwa hiyo Mungu hakusema kitu?" Jamani, wiki mbili nzima alikuwa anaamini Mungu ndiye aliyemvua nguo mbele za watu.

Likizo nikampelekea bibi yangu hilo jambo, yeye ni wa Bukoba, mlokole wa zamani. Akanisimulia uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaja Uganda, Kenya na kwetu, akasema wakubwa wake walijua mtu kaguswa kweli pale alipowarudishia watu vitu alivyowaibia. "Na wewe rudisha, mjukuu wangu, umeiba sifa." Nikarudi chuo nikasimama na maiki ileile, nikasema nilidanganya. Jina lake sikulitaja. Uongozi wa maombi nikauachia, na nilikaa mwaka mzima bila kumwekea mtu mikono.

4. Mwaka huo ndio nilijifunza kukaa. Someni Kutoka 33 taratibu: Mungu anampa Musa malaika wa kuwatangulia, maadui watafukuzwa, nchi wataipata, ila Yeye mwenyewe hatapanda kati yao. Ni ofa ambayo sisi wengi tungeipokea kwa shangwe! Musa akakataa, bila uso wako tusiondoke hapa. Na mstari wa 11 una kijana Yoshua, Musa anarudi kambini yeye hatoki hemani. Hatuambiwi alikuwa anafanya nini mle ndani. Mimi huamka saa kumi na moja, nazima data, nasoma zaburi moja, nanyamaza. Siku nyingine sisikii chochote na bado nakaa, na polepole nikaanza kugundua napunguza ukali kwa watu, hata rumeti yule nilimsamehe nikiwa pale kimya.

5. Yule mliyemtaja Ijumaa aliondoka kabla ya saa kumi, nilimwona mlangoni anafunga kamba za viatu muda mrefu sana. Nilimsindikiza mpaka getini lakini hakutaka kuongea na mtu asiyemjua. Nyie mnamjua. Aliyeshika maiki aende wiki hii, na aende peke yake, msiende kundi.