Pindua Kigari Chako Kabla ya Kukitia Njiani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Musoma aliniandikia kuniuliza afunge mota ipi ili kigari chake cha mashindano, kile kidogo cha umeme kinachokimbia kikifuata mfuo uliochongwa njiani, kiwashinde wenzake. Swali hilo nami niliwahi kuwa nalo, na ndilo lililonipatia jina ambalo sijafanikiwa kulifuta.

Kigari changu cha kwanza kilikuwa Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975, nilichokiunda kwa kipimo cha 1/32 kikatoka na urefu wa sentimita 14. Fremu niliikata katika bati la brasi, na bodi nikaikunja kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga, hata ukikipindua uliziona herufi za kopo kwa ndani. Sijaona bodi nzuri kuliko ile, na nasema hivyo bila haya.

Njia tuliyokimbilia ilikuwa Pasiansi, Mwanza, katika banda la mwenzetu aliyeichonga mifuo kwenye mbao za MDF, zile za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, na kuibandikia pande mbili kanda za shaba za kupitishia umeme, kwa mkono wake. Usiku wa kuamkia mashindano niliyasugua matairi kwa msasa ili yaume vizuri njiani, nisitambue kwamba kila nilipoyapunguza, fremu nayo ilikuwa ikishuka. Katika mzunguko wa pili, kichwa cha skrubu kilichoning'inia nyuma ya ulimi, kile kipande kinachoingia kwenye mfuo kukiongoza kigari, kilinasa ukanda kwenye kona, kikaubandua kiasi cha dhiraa moja, kisha kikaulaza juu ya ukanda wa pili. Ilipiga shoti, na vigari vyote vikasimama. Mwenye njia hakunigombeza. Alipiga magoti akaanza kuunyoosha ukanda kwa ukucha, na ukimya wake uliniuma kuliko matusi. Aliyenigombeza ni mwingine, aliyeniita "fundi makopo" mbele ya watu, na hadi leo wapo Kirumba wanaoniita hivyo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kigari ni chako lakini njia ni ya watu. Kata kipande cha bati chenye unene wa milimita 1 ukipitishe chini ya fremu yote, na ukipime kila unapogusa matairi, si siku ulipokiunda tu. Oili iwe tone la ncha ya sindano, kwa sababu inayozidi hurushwa na gia ikaishia kwenye matairi ya mwenzako. Ukiwa na matairi ya silikoni, uliza kwanza kama yanaruhusiwa, kwani huacha utando unaowafanya wenye matairi ya mpira wateleze. Sumaku ya kukishikiza kigari njiani usijisumbue nayo, kwa kuwa shaba haivutwi.

Na sisi tulio kando ya ziwa tuna jambo letu: MDF hunywa unyevu, mfuo ukavimba kingo, na ulimi uliopita bila shida mwezi wa Agosti hukwama masika. Atakayekuja na tupa aupanue mfuo wa watu, mimi ningemtoa nje. Apunguze ulimi wake.

Kijana wa Musoma nilimjibu kwamba anitumie kwanza picha ya kigari chake kwa upande wa chini. Ametuma picha tatu, na zote ni za bodi.