Sinki linakoroma, bafu linanuka

SWALI: Fundi habari za kazi. Nyumba yetu ni ya zamani, sinki la bafuni nikiachia maji linakoroma mwishoni halafu harufu ya maji taka inajaa bafu zima. Nimemwaga dawa za kuzibua hadi nimechoka. Bomba la chini limepinda kama herufi S kisha linazama sakafuni. Lazima nibomoe ukuta?

JIBU: Dada, hizo dawa weka pembeni kwanza, zinakula mabomba ya zamani bure na shida yako inaonekana ni hewa. Pale kwenye kona ya hilo bomba la S hubaki maji, kina cha kama sentimita 5 hivi, na hayo ndo yanazuia gesi ya chemba isipande. Sasa maji ya sinki zima yakiporomoka kwa pamoja yanavuta hewa nyuma yake, wasipoweka bomba la hewa yanavuta hayo ya kwenye kona, koroma mbili tatu kona imekauka. Trapu ya S (trapu ndo hiyo kona ya bomba inayoshika maji) ndo hodari wa mchezo huo maana ikishapinda inashuka wima moja kwa moja (imeanza zamani, choo cha Mskoti Alexander Cumming cha mwaka 1775 kilikuwa nayo), ndo maana sehemu nyingi wameikataza kwa nyumba mpya.

Hakikisha hivi: harufu ikishatoka mimina kikombe cha maji taratibu. Ikikata, basi kona ilikuwa kavu. Isipokata, fungua trapu utoe nywele na uchafu kwanza.

Tiba ya kweli ni kuweka trapu ya P, yaani bomba likitoka kwenye kona liende ukutani likiinama kidogo tu, kama sentimita 2 kwa kila mita, na hapo karibu liunganishwe bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa. Na fundi wako asililaze hilo bomba la hewa kabla halijapita ukingo wa sinki kwa sentimita 15, la sivyo siku dreni ikiziba uchafu utaingia humo na hutajua.

Hutaki kubomoa? Ipo valvu ya hewa ya njia moja, inafungwa chini ya sinki, bomba likivuta inafunguka kisha inajifunga yenyewe. Ikae angalau sentimita 10 juu ya bomba la kulala linalotoa maji kwenye trapu na usiifukie ukutani maana ikichoka utaibadilisha. Mimi siipendi kama bomba la paani, kwa sababu inaingiza hewa tu haitoi, kwa hiyo lazima nyumba iwe na bomba jingine lililo wazi juu, na kuna sehemu hairuhusiwi kabisa, uliza kabla hujanunua.

Ukimaliza jaza sinki pomoni uachie. Likinyamaza, flashi choo usikilize, sinki likikoroma hapo ujue bomba kuu nalo halipumui au limeanza kuziba, mwite fundi apande paani aangalie.