Kompyuta mpakato au ya mezani kwa anayeandika tasnifu?

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba unaandika tasnifu, unahamahama kati ya chumba chako na maktaba, na mara chache unahariri video. Kwa hali hiyo ningekushauri uchukue kompyuta mpakato, ingawa kwa bei ileile kompyuta ya mezani huwa na nguvu zaidi. Chanzo cha tofauti hiyo ni joto: prosesa (chipu inayofanya hesabu zote) za kompyuta mpakato nyembamba kwa kawaida hutengenezwa kwa matumizi ya takribani wati 15 hadi 28, ilhali nyingi za mezani hufikia wati 65 au zaidi, na mashine nyembamba ikipata moto hujipunguzia kasi ili isiharibike. Katika kuandika hutaliona hilo. Katika video ndefu utaliona. Jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana ni kwamba katika kompyuta mpakato nyingi za sasa RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayotumika kompyuta ikiwa kazini, imechomelewa kwenye ubao mkuu, hivyo haiongezeki baadaye. Chagua yenye RAM ya gigabaiti 16 tangu mwanzo. Betri huchakaa, ni kweli, lakini umeme ukikatika itakupa muda wa kuhifadhi kazi yako. Ukiwa chumbani, inua kompyuta hadi skrini ilingane na macho na utumie kibodi ya nje, usije ukaumia shingo.