Kabula, umeniuliza habari ya kisu

Kitangiri, Mwanza

Mwanangu Kabula,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma mara mbili, ya pili kwa sauti, maana miwani ya mama yako imevunjika mkono na ile niliyoifunga uzi hataki kuivaa. Unasema Chongo ametimiza miaka minane, tumbo limejaa maji, afisa mifugo ameyavuta kwa sindano mara mbili na mara zote yamerudi, na sasa anashinda amekaa. Jirani anakucheka kwamba kuku hauguzwi, kuku anachinjwa. Afisa naye amesema ukitaka atamchoma sindano ya kulala moja kwa moja. Halafu ukaniuliza: "Baba, nimchinje, achomwe, au nimwache afe mwenyewe?"

Nitakujibu. Ila nianze mimi kuuliza. Usiku ukimpapasa gole, pale chini ya shingo chakula kinapokaa, limejaa? Na alfajiri kabla hajadonoa kitu, liko tupu?

Kuku mwenye nafuu hulala na gole limetuna kama mpira wa soksi, akaamka nalo limenywea. Ukikuta asubuhi bado lina pumba za jana, linabonyea kama mfuko wa maji, basi chakula hakishuki. Unajua ninachosema siku zote: mgonjwa hupimwa kwa mdomo, si kwa miguu. Bibi yako hakusimama miaka mitatu, lakini alimaliza samaki wake na kuulizia kichwa cha samaki wa mwenzake. Asiyetembea na anakula, huyo bado yupo nasi.

Mama yako anasema niache ubishi, kuku ni mwongo. Na hapo ana haki, lazima nikubali. Kuku mgonjwa hudonoadonoa mbele ya wenzake asionekane mnyonge, kwa sababu kundi likimgundua linampiga. Anadonoa, hamezi. Sasa mdomo umekuwa shahidi gani? Ndiyo maana nikasema gole. Lakini bila mdomo gole litajaaje? Kwa hiyo bado ni mdomo. Haya, tuendelee, chai inapoa.

Mtenge na wale vijana wake, wasimdonoe, ila awe anawaona. Kuku akikaa peke yake gizani hukata tamaa mapema. Kichanja mwondolee, alale chini kwenye maranda makavu. Maji yawe kwenye kitu kifupi, karibu na mdomo. Pumba uzilowanishe, umpondee na yai la kuchemsha. Mavi yakiganda nyuma mwoshe kwa maji ya vuguvugu na umkaushe hapo hapo, nzi wasije wakataga. Ukimshika utamwona wa moto. Usiogope, joto la kuku ni kama nyuzi 41, homa kwetu, kwake ni afya. Na usimbane kifua hata kwa mapenzi. Kuku hana kiwambo chini ya mapafu kama sisi, anavuta hewa kwa kuinua kidari, na huyo tayari maji yanamsukuma kwa ndani. Ukimbana umemziba pumzi. Akianza kuhema mdomo wazi akiwa ametulia tu, hajakimbia wala hakuna jua, hapo uniambie siku hiyo hiyo.

Umesema umemweka kwenye beseni. Beseni, Kabula.

Lile letu lilikuwa la bluu, limepasuka ukingo. Ulikuwa darasa la tatu. Chongo wa kwanza, yule ambaye ndui ilimla jicho la kushoto, alikuwa ameshazeeka, miguu imejaa magamba, na wewe ukawa unamwibia mama yako mafuta ya kupikia unampaka kidole kwa kidole. Ulimnywesha uji kwenye kizibo cha soda. Mimi nilikuwa nafundisha sayansi pale shuleni na nilikuwa nawasimulia walimu wenzangu: binti yangu ana wodi.

Halafu ikaja tarehe 21 Mei 1996. Sina haja ya kukusimulia kuzama kwa meli ya MV Bukoba, mjomba wako mdogo yuko humo. Ijumaa yake walifika mjomba wako mkubwa na mama mdogo kutoka Bukoba, kwa barabara, wamelala njiani, wamengoja kivuko Busisi nusu siku. Wakati huo daraja hata kwenye ndoto halikuwepo. Waliweka mizigo, wakaenda moja kwa moja uwanja wa Nyamagana kumtafuta kati ya maiti zilizolazwa pale.

Mimi nilibaki nyumbani nawaza watarudi wale nini. Tarehe 24, mwalimu wa shule ya msingi, mshahara bado. Ndani kulikuwa na unga, chumvi na dagaa kidogo. Nikajiambia wakwe zangu hawawezi kutoka kutafuta maiti ya ndugu yao wakakuta dagaa. Nikamwangalia Chongo kwenye beseni. Nikajiambia kazeeka, anateseka, ni huruma. Nilitumia neno hilo, huruma, peke yangu uani, hakuna aliyeniuliza. Nikamwita jirani wa ng'ambo ya mfereji, akaja na kisu chake.

Alikuwa mwepesi. Hilo ndilo mkono wangu haujasahau. Kidari kimechongoka kama ukingo wa jembe. Ila gole lilikuwa limejaa. Uji wako wa asubuhi.

Wageni walirudi saa mbili usiku. Hawakumpata. Hakuna aliyegusa sahani, hata mimi. Mchuzi ukaganda mafuta juu. Kesho yake mama yako akawapashia ninyi watoto, na wewe uliyekuwa umelia usiku kucha ukala, ukasema tamu. Mama yako akatoka nje.

Nilikwambia kicheche amemchukua. Jioni mbili mfululizo ulikuwa unakusanya mawe kuziba matundu ya banda, na Mwanza mawe hayaishi. Ulinituma nikushikie tochi. Nikashika.

Nimejitetea mbele yangu mwenyewe karibu miaka thelathini. Wageni wa msiba, mwanangu, mtu huwapa alicho nacho. Hata leo wangekuja ningechinja. Na yule kuku kweli alikuwa amebakiza wiki, labda mbili. Yote hayo ni kweli. Lakini hakuchinjwa kwa sababu ya uzee wake, alichinjwa kwa sababu ya aibu yangu, uzee niliuongezea baadaye. Kisu kilikuwa kile kile, ningemchinja kwa huruma au kwa haya asingejua tofauti. Ni mimi ninayeijua. Au labda hata hiyo tofauti ni ya kwetu tu watu, kuku haimhusu. Sijui. Nikifika hapo huwa nawasha redio.

Ulipomnunua huyu wa Dodoma na kumwita Chongo, naye macho yake mawili mazima, nilielewa kwamba unajua. Hukusema, nami sikusema.

Sasa swali lako. Mama yako ana jibu lake, anasema afisa amchome, pesa kidogo, haraka, kuku hasikii. Mimi ulimi unaniwasha. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekwambia gole likishinda limejaa asubuhi mbili, na anahemea mdomo, usingoje ya tatu. Umeona? Nimeshasema. Lifute hilo. Kuku wako niliwahi kumwamulia mara moja bila kukuuliza, na hiyo inatosha kwa baba mmoja. Mshike usiku, mshike alfajiri, siku nne, uandike. Mgonjwa hupimwa kwa mdomo. Zikiisha siku nne utakuwa unamjua kuliko mimi, afisa na jirani yako tukiwekwa pamoja.

Kitu kimoja tu hakina mjadala: kwa njia yoyote utakayochagua, asiliwe. Dawa alizopewa zina siku zake za kukaa kwenye nyama, na kuku wa tumbo la maji si kitoweo. Jirani akikuomba, mnyime. Chimba shimo refu, mbwa wasimfukue. Na kijana wako akiuliza, kicheche asitajwe.

Wale wengine chanjo ya kideri usiipitishe, ni kila miezi mitatu, tone moja jichoni. Najua utaniambia umechanja. Angalia tena daftari.

Mzani wangu mdogo wa jikoni nimeupa basi la kesho alfajiri, uufuate stendi jioni kwa jina lako. Mpime kila asubuhi saa ile ile, kabla hajala. Kwenye mfuko huo huo kuna dagaa. Wale wazima wa juu ni wenu. Waliovunjika, niliowafunga kwenye gazeti chini, nimewachagua mimi mwenyewe, waoshe kwa maji ya moto chumvi itoke, uwasage. Hao ni wa Chongo.

Baba yako